Wasemao Ni Kelele

Kuna watu waheshimiwa, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wasemao kwamba mtoto wa Kibera au Kawangware afunguaye redio mbovu na kuitia nyaya, ili ilie mtu apitapo mbele yake, anapoteza wakati. Huo, wasema, ni mchezo wa matajiri, na sauti zitokazo humo ni kelele, nayo mitaa hiyo ina kelele za kutosha. Nimeyasikia maneno haya katika chumba cha walimu zaidi ya mara moja. Siyakubali hata kidogo.

Kwanza jambo lenyewe lieleweke. Redio ndogo za mkononi zipigazo nyimbo za memori kadi zimejaa vibandani, na zikiharibika huishia kwa fundi. Kitufe cha kuanzisha wimbo si muujiza: ni vipande viwili vya madini vigusanavyo, umeme ukapita. Zitoe nyaya mbili katika kitufe hicho, na redio haitajua kama iliyoamshwa na kidole au na mguu uliokanyaga karatasi mbili za bati zilizotengwa kwa sponji yenye matundu. Atakaye ustadi zaidi hutumia kihisi kitambuacho joto la mwili wa mpita njia, pamoja na transista ya kufunga njia ya umeme. Arduino, ubao mdogo wa umeme upokeao amri, ulitengenezwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi waiweze kazi ya namna hii kwa gharama ndogo. Basi utajiri uko wapi hapo?

Niliwaambia wanafunzi wangu wachague sauti wenyewe. Msichana mmoja alileta mlio wa mvua juu ya mabati ya kwao, akauficha chini ya mkeka. Ukikanyaga, mvua inanyesha. Mwenzake alileta honi ya garimoshi lipitalo katikati ya Kibera. Lakini aliyeninyamazisha ni kijana ambaye nyumba yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizobomolewa Julai 2018, kupisha barabara iunganishayo Ngong Road na Lang'ata. Hakuwa na sauti yoyote ya nyumba ile, si ya mama akipika, si ya jirani akikohoa ukutani. Alikwenda mahali ilipokuwa, akarekodi magari. Kisha akatengeneza mlango mdogo wa mbao, akaufunga nyaya. Ukiufungua, wasikia magari yakipita.

Mwenye kuyaita hayo kelele na aje aufungue mlango ule.

Sauti ya mtaa isipohifadhiwa na mwenyewe, ama huhifadhiwa na mgeni ama hupotea. Mwaka 2022 msanii wa Nairobi, Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, akitumia sauti za Afrika zilizowekwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Je, wale waliovuka bahari na mashine zao nzito, wakazibeba sauti zile na kuzitunza miaka na miaka, walidhani wanabeba kelele?

Nitajibiwa kwamba mtoto mwenye njaa hahitaji kihisi, ahitaji chakula. Ni kweli, nami sina ubishi nayo. Lakini mbona hoja hiyo haitumiwi kuzinyang'anya piano shule za watoto walioshiba? Hutumiwa kwetu tu, na mara nyingi na mtu aliyekwisha kula.

Mlango wa kijana yule ungali juu ya kabati langu. Muhula uliopita betri zake ziliisha, na mwenzangu mmoja akashauri utupwe, maana unajaza nafasi ya madaftari. Nimenunua betri.