Mzee Anayerandaranda Usiku Si Mwanga, ni Mgonjwa

Msomaji mpenzi, hebu fikiria. Ni saa nane za usiku. Mbwa wanabweka. Unatoka na tochi, na uani mwako unamkuta bibi wa jirani amesimama bila nguo, anazungumza peke yake. Utafanya nini? Utamfunika leso umrudishe kwao, ama utapiga mayowe, "Mwanga!"?

Katika vijiji vya Kilifi na Malindi, jibu la swali hilo laweza kuamua kama mzee ataishi. Wazee wamekatwa mapanga na kuchomewa nyumba kwa kushukiwa uchawi. Waliobahatika wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wakaacha mashamba na wajukuu.

Nasema wazi: baadhi ya wazee hawa ni wagonjwa. Kuna ugonjwa wa ubongo uitwao dimensia. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Chembe za ubongo hufa polepole. Kwanza mgonjwa husahau mambo ya jana, kisha hupotea katika njia aliyoizoea. Usiku huchanganyikiwa zaidi, na pengine akavua nguo au akaona watu wasiokuwepo. Dalili tunazoziita za uchawi, madaktari wanazijua kwa jina lingine.

Wala huu si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Tanzania, mwaka 2009 na 2010, walikuta karibu 6 kati ya kila 100 wanao.

Huenda ukauliza, utafiti utatufaa nini sisi? Tazama kifafa. Nacho kiliitwa pepo. Watafiti wa KEMRI, walioko Kilifi tangu mwaka 1989, wameonyesha kuwa kifafa hutokana na mambo kama shida wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa na malaria iliyopanda ubongoni, na wengi wakimeza dawa hupata nafuu.

Kweli, dimensia haina dawa ya kuiponya. Hata dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hupunguza tu kasi ya ugonjwa wa Alzheimer ulio mwanzoni. Lakini si kila mzee anayesahau ana dimensia. Upungufu wa vitamini B12, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, hata uvimbe wa ubongo, huweza kuleta dalili hizo hizo, na baadhi ya hayo hutibika yakigunduliwa mapema. Ramli haiwezi kukuonyesha hayo.

Kwa hivyo, mzee wako akianza kubadilika, mpeleke hospitali. Mweleze daktari mabadiliko yalianza lini, na umwonyeshe dawa zote anazotumia. Usiku asilale peke yake. Waambie majirani mapema kuwa anaugua, wasije wakashtuka. Na watafiti wakibisha hodi, usimfiche chumbani kwa aibu.

Nawe kijana unayelitolea macho shamba la babu, jua kwamba mvi si ushahidi wa uchawi. Mungu akikujalia, utaziota nawe.