Ulimi wa Kocha na Wajibu wa Wasimamizi wa Michezo



Ndugu Waislamu, sisi tunaoswali Jangwani na Kariakoo ni majirani wa klabu ya Yanga, yenye makao yake katika makutano ya mitaa ya Jangwani na Twiga. Hatujasahau yaliyotokea Julai 2020. Kocha wa klabu hiyo, Luc Eymael kutoka Ubelgiji, alisikika katika sauti iliyorekodiwa akiwafananisha mashabiki na nyani na mbwa, na kusema kuwa watu wa hapa hawana elimu. Klabu ilimfukuza tarehe 27 ya mwezi huo. Tuliuunga mkono uamuzi ule, na tunauunga mkono hata leo.

Lakini liko jambo linalotusumbua. Msimu ule ubingwa ulikwenda kwa Simba. Je, kocha aliyeleta kombe angehukumiwa kwa haraka ile ile?

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Dharr (r.a.) alimtukana mtu kwa kumtajia mama yake. (Wengi husema mtu huyo ni Bilal, Bukhari hakumtaja jina.) Mtume (s.a.w.) alimkemea, akambainishia kuwa ndani yake bado mna ujahiliya. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu, na utangulizi huo haukumkinga na karipio. Wala hakufukuzwa, alikaripiwa, akafundishwa, akajirekebisha.

Tangu 2019 sheria za soka zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu, na lugha ya matusi ni kosa la kutolewa nje. Asipojulikana aliyetukana kwenye benchi, kadi humwangukia kocha mkuu aliyepo. Sheria ipo, anayetakiwa ni mwamuzi asiyetazama jina la timu. Ama yanayosemwa nje ya uwanja, hayo ni ya klabu na kamati za TFF, na hapo kanuni ni ile ya Suratul Hujurat: habari ichunguzwe kwanza. Sauti isikilizwe yote, mtuhumiwa aitwe ajieleze, ndipo hukumu itolewe, mashabiki wawe wameridhika au wamekasirika.

Kwenye ligi za mitaani hakuna kamati wala kinasa sauti. Kocha humtusi mtoto wa miaka 12 kwa mama yake kwa sababu amekosa penalti, na watu wazima wakacheka. Jioni tunayasikia maneno yale yale madrasa, watoto wakisubiri zamu ya kutawadha. Wasimamizi wa ligi hizo wengi wao tunaswali nao safu moja. Tunawaomba kocha wa namna hiyo atolewe uwanjani siku hiyo hiyo, mbele ya watoto aliowatukana, na asirejee mpaka awaombe radhi wao, si mwenyekiti wa timu.