Waliokuwamo katika Picha ya Kwanza



Siku hizi mwenye simu yeyote anazijua zile picha mbili. Katika picha ya kwanza chumba kina giza: ukuta wa udongo umepasuka, magodoro yamekunjwa na kuegemezwa pembeni, bidoni za maji zimepangwa karibu na mlango, gunia la mihogo liko chini ya meza. Katika picha ya pili chumba kilekile kimegeuka. Ukuta ni mweupe, dari ni mpya na ina taa za buluu, mapazia yanagusa sakafu, na viti vya foteyi bado vimefunikwa nailoni ya dukani. Muziki unapigwa, na watu wanaandika pongezi zao. Hii ndiyo inayoitwa "kabla na baada". Desturi hii ilizaliwa mbali, lakini imefika Bunia, na kutoka Bunia imepanda hadi kwetu Nizi, ikisindikizwa na fedha ya dhahabu. Sasa tumefika mahali ambapo ndoa ya kanisani au komunyo ya kwanza ya mtoto inaahirishwa kwa sababu saloni haijabadilishwa.

Nasema wazi, nikijua kwamba nitawaudhi baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu: mtindo huu, kama tunavyoufuata hapa kwetu, ni kosa dhidi ya upendo. Sisemi kwamba rangi ni dhambi. Nasema tuirudie picha ya kwanza, na tuulize swali ambalo picha ya pili hutusahaulisha: yale magodoro yalikuwa ya nani, na wenyewe wako wapi leo?

Sisi wa Nizi hatuhitaji kufundishwa jibu. Tangu mwisho wa 2017, vita vilipowaka tena katika wilaya ya Djugu, watu wamekimbia vijiji vyao mara moja, mara mbili, na wengine mara tatu. Baadhi wako katika kambi. Wengi wengine walibisha hodi kwa ndugu na jamaa, na mlango uliofunguliwa ulikuwa mlango wa saloni. Usiku meza husogezwa na mikeka hutandikwa. Asubuhi kila kitu hukunjwa na kuwekwa pembeni. Ndiyo sababu picha ya kwanza haipendezi. Fujo ile tunayoionea haya haikuwa uvivu wa mwenye nyumba. Ilikuwa ukarimu wake. Alikuwa akitimiza, bila kupigwa picha, neno lile la Bwana juu ya mgeni aliyekaribishwa.

Sasa nitaeleza niliyoyaona, nami simo nje ya lawama. Sisi wa Lejio ya Maria huzuru nyumba wawili wawili. Ni kazi yetu tangu chama kilipoanza Dublin, 1921. Kuna familia moja katika jumuiya yetu ambayo tumeizuru mara nyingi. Mwaka jana saloni yao ilikuwa na bibi mzee aliyekimbia na wajukuu watatu. Mwezi uliopita tulipoingia, tulikuta "baada". Mwenye nyumba alituwashia taa za buluu. Mimi mwenyewe niliyashika mapazia na kuyasifu. Tulisali fumbo moja la rozari, tukanywa chai, tukaaga. Tulipopita nyuma ili kuwasalimu watoto, tulimkuta bibi yule jikoni, mkeka wake kando ya mafiga, mahali ambapo mvua ikinyesha maji huingia chini ya bati. Wajukuu wawili walikuwa wamepelekwa kambini. Alituambia kwa upole, wala hakulalamika, kwamba saloni sasa ni ya wageni.

Mgeni alikuwa mimi. Chumba kilikuwa kimetayarishwa kwa ajili yangu, mgeni wa nusu saa, na kwa ajili ya nusu saa hiyo mtu aliyekuwa akilala pale kila usiku alikuwa ameondolewa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumegeuza: mgeni mzuri njoo, mgeni maskini atoke. Na siku ile mimi sikusema neno.

Mtu asiniambie kwamba hili ni jambo dogo la mpangilio wa nyumba. Tunajua ukuta ni nini kwa aliyekimbia vita. Usiku wa 1 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, waliuawa watu zaidi ya 60 waliokuwa wamelala katika vibanda vya turubai. Turubai haizuii panga. Kumtoa mtoto katika nyumba yenye kuta na mlango na kumrudisha kwenye turubai, ili pazia lipate nafasi ya kuning'inia, ni uamuzi juu ya uhai wa mtu.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema kwamba nawachukia watu wanaopenda uzuri. Sivyo. Kabla ya Noeli na Pasaka mama zetu huchota udongo, huuponda na kuukandika ukutani kwa viganja vyao, na nyumba kuukuu huonekana kana kwamba imezaliwa upya. Hiyo nayo ni "kabla na baada", wala hakuna anayefukuzwa kwa ajili yake. Kinyume chake, hata mgeni aliyelala pale hushika udongo na kusaidia. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa 2015, aliwasifu maskini ambao, hata sura ya nje ya majengo yao ikiwa imechakaa, hutunza kwa upendo sehemu ya ndani ya makao yao. Na sisi wanalejio tunajua jambo hili kuliko wengi. Mahali popote tunapokutanika, hata katika chumba cha udongo, tunatandaza kitambaa cheupe juu ya meza, tunaweka sanamu ya Mama Bikira, maua pande mbili na mishumaa miwili, na chumba kinakuwa mahali patakatifu. Mkutano ukiisha, kitambaa hukunjwa, na wenye mikeka hurudi na mikeka yao. Uzuri wa kweli haumfukuzi mtu.

Wa pili watasema: fedha ni yangu, nimeitafuta kwa jasho. Kwa watu wa ardhi hii ya Kilo, ambako dhahabu inachimbwa tangu mwanzo wa karne iliyopita, jibu hilo lina uzito, kwa maana wengi wamechimba na wachache wamejenga. Lakini nabii Yeremia alikwisha kulijibu. Mfalme Yehoyakimu alijijengea jumba kubwa lenye madirisha mapana, akalipamba kwa mierezi na kulipaka rangi nyekundu, huku akiwatumikisha jirani zake bila ujira. Nabii hakugombana naye juu ya rangi. Alimkumbusha baba yake, Yosia, ambaye alikula na kunywa vizuri, lakini alitetea haki ya maskini, naye alifanikiwa. Kisha akamwambia kwamba huko ndiko kumjua Mungu. Basi yule fundi wa dari aliyelipwa nusu na kuambiwa arudi mwezi ujao, na duka ambalo bado linadai rangi na vigae, na ada ya sekondari iliyogeuzwa kuwa foteyi, vyote vimo ndani ya picha ya pili, ingawa kamera haivioni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wa tatu watasema: tumeteseka mno, baada ya vita, moyo unahitaji kuona kitu kipya. Hawa nawaheshimu, na jibu lao lanigusa. Ni kweli kwamba mtu aliyeona kijiji chake kikiungua hupata nguvu akiona ukuta mweupe. Lakini bibi yule wa jikoni ameona nini, kama si vita hivyohivyo? Ikiwa uzuri ni dawa ya waliojeruhiwa, kwa nini mwenye jeraha kubwa kuliko wote ndiye anayetolewa chumbani dawa inapoletwa? Tungempaka bibi yule ukuta mweupe, tukamwacha alale chini yake, nisingeandika ukurasa huu.

Wengine hunitajia mfano wa nje, wakisema kwamba Wazungu nao hufanya hivyo. Tuutazame basi mfano wenyewe kwa haki. Marekani, kati ya 2003 na 2012, televisheni ya ABC ilirusha kipindi kilichoitwa *Extreme Makeover: Home Edition*. Familia yenye shida kubwa ilipelekwa mapumzikoni, na kwa muda wa siku chache mafundi na majirani wengi waliojitolea waliijengea upya nyumba yake. Familia iliporudi, basi kubwa liliondolewa mbele ya nyumba, nao wakalia kwa furaha. Kipindi hicho kilikuwa na kasoro zake: nyumba moja katika jimbo la Georgia ilifika hatua ya kunadiwa 2008 kwa sababu wenyewe walikuwa wameiweka rehani kwa mkopo mkubwa. Lakini angalau mwenye shida ndiye aliyekabidhiwa funguo, na jirani walikuja na nyundo mikononi. Sisi tumechukua rangi na machozi ya furaha, tukawaacha jirani na nyundo zao. Kilichokuwa kizuri katika mfano hatukukiiga.

Neno hili si geni katika Kanisa. Hagai aliwakemea watu waliorudi kutoka uhamishoni kwa kuwa walikaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao ilhali Hekalu la Bwana lilikuwa magofu. Mtakatifu Paulo alitufundisha kwamba Hekalu ni sisi. Basi magofu ya leo ni miili ya watu wanaolala kwenye unyevu. Na Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwauliza matajiri wa Kapadokia watamjibu nini Mungu Hakimu ikiwa waliweza kuzivika kuta zao na hawakumvika mwanadamu. Miaka zaidi ya 1600 imepita, na swali lake limetufikia mbele ya mapazia yetu.

Injili inatuonyesha mabadiliko ya nyumba ambayo tungepaswa kuyatamani. Yesu aliingia kwa Zakayo, mtu tajiri, na bila shaka nyumba yake haikukosa mapambo. Luka haandiki neno lolote juu ya kuta. Anaandika kwamba Zakayo alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Kabla, nyumba ilikuwa ya mtu mmoja. Baada, maskini walikuwa na sehemu ndani yake.

Basi tufanye nini? Najua kanuni ya Lejio haituruhusu kugawa misaada ya vitu tunapozuru. Lakini kila mwanalejio ana nyumba yake, na hakuna kanuni inayomkataza kupanua mkeka. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, asiwepo kati yetu atakayepaka rangi saloni kabla ya kupata mahali pema pa kulala pa kila mtu aliyekuwa akilala humo. Pili, tunapozuru familia, tusiagane kabla ya kuomba kuwasalimu wote wanaolala katika lupango ule, hata walio jikoni. Na tukiona jambo kama nililoliona mimi, tuseme kwa upendo, tusinyamaze kama nilivyonyamaza. Tatu, jumuiya zetu za msingi zikatae mashindano ya saloni wakati wa sakramenti za watoto. Mtoto anampokea Yesu altareni, wala Yesu hakuomba foteyi.

Mimi nimerudi kwa familia ile. Nilianza kwa kuungama kosa langu mbele yao, kwamba nilisifu mapazia na kuagana bila kusema neno juu ya bibi jikoni. Mwenye nyumba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba naye halali vizuri. Bibi amerudi ndani, katika chumba cha mabinti. Wajukuu bado wako kambini, nasi tunaendelea kuzungumza.

Mwinjili Luka anasema kwamba Maria alimlaza Mwanawe katika hori kwa kuwa hawakupata nafasi. Neno la Kigiriki analolitumia hapo, ambalo tumezoea kulisikia kama nyumba ya wageni, ndilo analolitumia tena kwa kile chumba cha wageni ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake. Mama yetu, basi, alikosa nafasi katika chumba cha wageni. Nasi tunaojiita askari wake tutazame saloni zetu usiku wa leo, taa zikiwa zimezimwa, na tujiulize kama angeipata kwetu.

Maria, Malkia wa amani, utuombee.