Wanaotaka Kupumua Wasizibwe Pua

Jamani, hii hadithi ya Muungano haiishi! Hata huku kwetu Ngara, mbali kabisa na bahari, kwenye pombe ya ndizi utasikia mtu anabamiza meza: "Kama Wazanzibari hawatutaki, waende zao!" Mwenzake anadakia, eti wote wasaliti, wakamatwe. Ya kijiweni tunayasamehe. Yanayotisha ni yale yale yakitoka kwenye jukwaa la chama.

Mimi nasema hivi: kiongozi wa chama cha kitaifa asimwite mtu msaliti kwa sababu tu kasema anataka Zanzibar yake ipumue. Sisi wa mpakani tunajua inavyouma. Kihangaza chetu kinafanana na Kirundi, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, mwenye lafudhi ya huku alitembea roho juu. Ukimuuliza mtu kila siku yeye ni wa wapi, ipo siku atakujibu kwamba si wa kwako.

Haya, turudi nyuma kidogo. Januari 1984 Aboud Jumbe alitaka muundo wa Muungano utazamwe upya. Kikao cha CCM Dodoma kikaisha kajiuzulu vyeo vyote. Hoja ikafa? Wapi! Mwaka 1988 akafukuzwa Seif Sharif Hamad. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992 akaibuka na CUF, na Pemba ikamfuata. Wala CUF haikudai kuvunja Muungano, ilidai serikali tatu. Januari 2001 maandamano yake yalijibiwa kwa risasi, watu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Hebu fikiria: nchi iliyopokea Wanyarwanda kama 250,000 pale Rusumo kwa siku moja hivi, Aprili 1994, nayo ikatoa wakimbizi!

Kilichosaidia ni mazungumzo. Novemba 5, 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikaa pamoja, na Julai 31, 2010 kura ya maoni ikakubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66 hivi. Uchaguzi wa Oktoba ukapita salama.

Kisha mwaka 2012 wakaja Uamsho, wakitaka Zanzibar yenye mamlaka kamili. Masheikh wao wakasota rumande miaka mingi, mpaka mashtaka yakafutwa Juni 2021. Je, huko mitaani Unguja watu waliacha kuuliza?

Kwa hiyo wakubwa, nawaomba mambo matatu. Atakayechoma kanisa, kama ilivyotokea Unguja 2012, huyo ni wa polisi. Anayesema tu, ajibiwe kwa hesabu: mapato yanagawanywaje, misaada inagawanywaje, nani anapata ajira za Muungano. Tatu, acheni kusema hili mkiwa Bara na lile mkishuka boti Malindi. Watu wana redio.

Muungano ni ndoa ya tangu Aprili 26, 1964. Mke akilalamika, mume mwenye akili haendi kununua kufuli. Anavuta kigoda, anakaa, anasikiliza.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.