Msimu wa Mpira wa Chuo ni Shamba

Atokaye Mama Ngina, upande wa kisiwa cha Mombasa unaotazama bahari kuu, akaenda mpaka Tudor, huwa amekikata kisiwa toka ncha hata ncha. Huko Tudor, katika ardhi iliyotolewa na Sheikh Khamis Mohamed bin Juma, ndiko kilikojengwa Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana na wengi kwa herufi zake, MIOME. Miongoni mwa waliokichangia walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na Serikali ya Uingereza. Shabaha yake ilikuwa kuwapa vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951.

Mzazi aliyempeleka mwanawe katika chuo cha namna hiyo alitaka arudi fundi. Si ajabu basi kwamba wazee wengi wa wakati ule walinung'unika waliposikia kuwa kijana wao yu hodari wa mpira. Waliuliza: je, tumetoa fedha ili ajifunze kupiga teke? Swali hilo halikuwa la upuuzi, na jawabu lake limo katika jinsi msimu wa timu ya chuo unavyokwenda.

Mkulima ajua kuwa mwaka wake haufuati karatasi ya ukutani, bali hufuata mvua. Timu ya chuo nayo ni hivyo hivyo. Mombasa hupata masika toka Aprili hata Juni, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Uwanja hugeuka tope. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, na ulipokwisha kunywa maji ulikuwa mzito hata kuupiga kwa kichwa kukawa adhabu.

Juu ya hesabu ya mvua palikuwa na hesabu ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 1951 mfungo ulianza mapema Juni, na mwaka 1956 ulianza kabla ya katikati ya Aprili. Maana yake ni kwamba katika miaka ya mwanzo ya chuo saumu ilikuja wakati wa masika, na timu ikapoteza kipindi kimoja tu cha mazoezi. Lakini mwaka 1960 mfungo ulianza mwishoni mwa Februari. Idi ilipopita, masika yakabisha hodi. Basi hasara moja ikawa mbili: kwanza mwezi wa kupumzisha miguu, kisha miezi ya kupumzisha uwanja. Wakati ulio bora ukawa Julai mpaka Septemba, kusi ikivuma na ardhi imekauka, kabla vuli haijaanza. Timu isiyojitayarisha kwa miezi hiyo mitatu ilikuwa kama mtu aliyeanza kutafuta jembe baada ya mvua kunyesha.

Siku nayo ilikuwa na mipaka yake. Mchezo kamili ni dakika 90, na mapumziko juu yake. Mombasa jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, na giza haliombi ruhusa. Sala ya Alasiri hutangulia mchezo, na Magharibi haingoji mtu. Kwa hiyo mchezo ulioanza saa kumi na moja ulikuwa umekwisha chelewa kabla filimbi haijapulizwa. Kijana aliyejifunza kufika uwanjani kwa wakati alikuwa amejifunza jambo ambalo msimamizi wa karakana angemdai kila asubuhi.

Tena palikuwa na jambo la hesabu ya watu. Desturi ya wakati ule ilikuwa golikipa mmoja, mabeki wawili, mahafubeki watatu na mafowadi watano. Katika mashindano mengi sheria hazikuruhusu mchezaji kubadilishwa. Hata ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba mara ya kwanza mwaka 1965 tu, na hapo kwa ajili ya aliyeumia. Mmoja akivunjika mguu, kumi waliobaki walibeba mzigo wake mpaka mwisho. Na wengi walicheza miguu mitupu, wala hiyo haikuwa aibu: timu ya Nigeria iliyozuru Uingereza mwaka 1949 ilicheza sehemu kubwa ya safari yake bila njumu. Waswahili wamesema kidole kimoja hakivunji chawa, na uwanjani maneno hayo si ya mdomoni.

Liko lililo kubwa zaidi. Katika miaka ile shule za Mombasa ziligawanyika: Waarabu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na michezo mingi ya mji ilifuata mgawanyiko huo huo. Chuo cha Tudor kiliwakusanya vijana Waislamu wa kila asili chini ya paa moja. Winga hawezi kumnyima senta-fowadi mpira kwa sababu ya kabila lake bila kujinyima bao mwenyewe. Ukuta mmoja ulivunjwa hapo, ingawa mwingine ulibaki, maana asiyekuwa Mwislamu hakukusudiwa kuingia. Ukuta huo wa pili ulikuja kuondoka pia: mwaka 1966 chuo kikaitwa Chuo cha Ufundi cha Mombasa, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013.

Lakini mtihani mgumu wa kila timu ya chuo ni kwamba haina wazee. Klabu ya mji yaweza kumweka beki wake miaka kumi. Mwanafunzi, akiisha kuhitimu, huenda zake, na hodari ndiye anayekaribia kuondoka. Hapo kapteni hujaribiwa. Akiwachezesha wakubwa peke yao, atashinda msimu huu, na msimu ujao uwanja utakuwa na wageni watupu. Akiwatia wadogo mapema, huenda akafungwa mabao na kuchekwa. Mkulima hahitaji kufundishwa jawabu. Mwenye njaa aliyekula mbegu alishiba siku moja.

Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa ligi ya Kenya, na mji mzima ulijua jina lake. Timu za vyuo hazikupata sifa kama hiyo, wala hazikuundwa kwa ajili yake. Kazi yake ilikuwa kumpokea kijana mgeni, kumpa nafasi yake kati ya watu kumi na mmoja, na kumtoa akiwa amekwisha mwonyesha mwenzake pa kusimama. Mzee aliyeuliza kama fedha yake ilitumika kufundisha teke angeweza kujibiwa hivi: fundi bora ni yule ambaye, siku akiondoka, kazi haisimami.