Nyota Mbili, Dola Mbili

Sijawahi kushika theluji. Ile ya friza ya duka la nyama sihesabu. Lakini mwaka jana niliandika makala manne kuhusu mlima mmoja wa skii ulioko Utah, Marekani, nikiwa orofa ya tano hapa Kahawa Wendani, kwa shilingi moja unusu kila neno. Wengi wenu mnaijua kazi hii. Umeacha chuo kwa sababu karo imekulemea, una kompyuta ya mkopo na bando ya mkopo, na kuna mteja hujawahi kumwona sura anayetaka maneno elfu moja kuhusu raha za mahali ambapo hata viza hungepewa.

Kazi yenyewe: soma maoni ya wageni, mamia, uyafupishe, kisha useme mlima unastahili nyota ngapi. Mlima ni Park City. Nilisoma mpaka macho yakaanza kuwasha, na kuna kitu kikaanza kunikera. Karibu kila mgeni aliyekasirika alikuwa na haki ya kukasirika. Na karibu kila mmoja hasira yake aliipeleka kwa mtu asiyehusika.

Kwanza nikuonyeshe mahali penyewe. Park City ni kati ya viwanja vikubwa kabisa vya skii Marekani, zaidi ya ekari 7,000, yaani karibu misitu mitatu ya Karura iliyosimamishwa wima na kumwagiwa barafu. Mji ulianza kwa fedha, ile ya madini. Migodi ilipodorora, kampuni ya migodi yenyewe ikafungua mlima kwa watu wa skii mwaka 1963, na kuna miaka wageni walipandishwa juu kwa treni ya wachimbaji, gizani ndani ya handaki, halafu wakainuliwa na lifti ya mgodi. Fedha ya chini ilipopungua, wakaanza kuchimba ile nyingine huku juu. Hawajaacha.

Siku hizi mchimbaji ni Vail Resorts, kampuni yenye milima zaidi ya 40, ambayo kwenye soko la hisa la New York inatambulika kwa herufi MTN. (Si ile ya simu ya Uganda, tulia.) Tangu 2008 wanauza pasi ya msimu: unalipa kabla baridi haijaanza, halafu unateleza kwenye milima yao mingi upendavyo. Ukikataa pasi na kujitokeza dirishani wiki ya sikukuu, tiketi ya siku moja inapita dola 300. Bei hiyo iko pale kukutisha ununue pasi mwakani. Kwa hivyo theluji ianguke, isianguke, doo zako ziko kwao tangu vuli. Hatari ya hali ya hewa umeibeba wewe. Hatari ya foleni pia umeibeba wewe.

Sasa twende kwenye foleni ambayo ilinifanya niandike hii.

Tarehe 27 Desemba 2024, katikati ya wiki ambayo mlima unajaa kuliko zote, watu wa doria waligoma. Ni kama 200 hivi, na wana chama chao. Walikuwa wamejadiliana na kampuni miezi mingi. Waliomba mshahara wa kuanzia utoke dola 21 kwa saa ufike dola 23, pamoja na mambo mengine ya bima na nyongeza kwa wenye uzoefu. Kwa masikio ya Nairobi, dola 21 kwa saa ni mahari. Lakini huu ni mji ambao nyumba ya kawaida inapita dola milioni 1, kwa hivyo anayekuokoa mlimani halali mlimani. Analala mbali na kuendesha gari alfajiri.

Na doria si askari wa kupuliza filimbi. Hao ndio wanaopanda kabla ya jua na baruti, kulipua theluji iliyolegea ili iporomoke wakati hakuna mtu chini yake, badala ya kuporomoka saa tano ukiwa umesimama pale na mtoto. Wanafunga kamba kwenye magenge. Ukivunjika mguu, wao ndio wanakushusha kwa machela ya kuteleza, mmoja mbele ameshika mikono yake miwili ya chuma na uzito wako wote uko mgongoni pake. Bila wao mteremko haufunguliwi. Kampuni ilileta watu wa doria kutoka milima yake mingine, hawakutosha, na sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa. Mteremko mchache, wageni wale wale. Foleni ikafanya kile foleni hufanya.

Sitaki kuwadharau hao wageni. Jaribu kufikiria umeweka akiba miaka miwili, umelipa ndege, hoteli, viatu vya kukodi vinavyobana kama pingu, halafu unasimama saa nzima na zaidi kwenye baridi ukingoja kiti cha lifti, na watoto wanalia haja. Mimi hukasirika nikingoja matatu dakika ishirini. Kwa hivyo mgeni anapoandika kwamba ameibiwa, namwamini.

Ila ameibiwa na nani?

Nyota ulizopewa ubofye haziulizi swali hilo. Zinauliza huduma ilikuwaje, wafanyakazi walikuwa wachangamfu? Na mfanyakazi uliyemwona ni nani, kama si yule kijana anayeshika kiti cha lifti? Wengi wa hao vijana hapo Park City hutoka Peru na Argentina, ni wanafunzi wa chuo, wamekuja kwa viza ya msimu kwa sababu Desemba kwao ni likizo ndefu. Yeye hakupanga bei. Hakuuza pasi. Hakukaa kwenye meza ya majadiliano. Yuko tu karibu, kama askari wa geti la jumba la maduka ambaye sisi humfokea kwa sababu ya ada ya kuegesha gari, na mwenye jumba hatujawahi hata kumjua jina.

Hebu tupige hesabu ya kiosk. Watu 200, kila mmoja aongezwe dola 2 kwa saa, kwa saa nane. Hiyo ni dola 3,200 kwa siku, hata tukijifanya kwamba wote 200 huwa kazini siku moja, jambo ambalo si kweli. Tiketi 11 za dirishani kwa dola 300 ni dola 3,300. Watu kumi na mmoja! Hao hawajazi hata matatu ya kwenda Githurai. Najua madai mengine yaliongeza gharama, na najua kampuni kubwa huogopa kwamba ukimpa wa Utah, wa Colorado naye atanyoosha mkono. Sawa. Basi waseme hivyo. Wasimwachie kijana wa Lima awe ndiye sababu ya likizo yako kuharibika.

Kuna hoja moja huwa inanichemsha damu kuliko zote. Eti watu wa doria wanafanya kazi wanayoipenda, wanaamka na kuteleza bure, mlima ndio mshahara. Lugha hii naijua bana. Nimeambiwa niandike bure kwa sababu jina langu litaonekana. Dada yangu mwalimu wa chekechea ameambiwa ana wito. Mapenzi ya kazi ni kitu cha ajabu: yule anayelipwa zaidi kwenye kampuni haambiwi kamwe kwamba anapenda kazi yake kiasi cha kutohitaji nyongeza.

Na wageni wengine walishtuka mapema kuliko mimi. Kuna video ilisambaa ya watu waliojazana kwenye foleni, na badala ya kumzomea mshika kiti, wakaanza kuimba kwa pamoja kampuni iwalipe wafanyakazi wake. Niliiangalia mara nyingi. Watu wenye miwani ya skii ya bei ya kodi yangu ya nyumba, wakipiga kelele kwa niaba ya mtu wa dola 21. Wengine waliwachangia wagomaji pesa. Hisa nazo zikashuka, na mambo yakaanza kusonga.

Tarehe 8 Januari 2025 wagomaji walipiga kura kukubali mkataba. Mshahara wa kuanzia: dola 23. Kwa hivyo hela zilikuwapo. Zilikuwapo tarehe 26 Desemba, siku moja kabla ya foleni. Kampuni iliomba radhi, na wageni waliokuwa mlimani siku zile za mgomo ikawapa fidia. Fidia gani? Punguzo kwenye pasi ya msimu unaofuata. Yaani ukiuziwa chai baridi, utalipwa kwa kuuziwa chai ya kesho nusu bei, hoteli ile ile, na pesa unatanguliza.

Haya yote niliyaandika kwenye makala ya tatu, aya moja, kwa upole kuliko nilivyoandika hapa. Niliweka tarehe, niliweka zile dola mbili, nikaeleza kwa nini mteremko ulifungwa. Nilidhani namfanyia msomaji kazi yake: anataka kujua kwa nini alisimama, si ndio? Mteja akajibu baada ya siku mbili. Niondoe siasa, akasema, watu wanatafuta habari za likizo. Nikabishana kidogo. Akaiondoa mwenyewe. Makala ilipotoka niliifungua kwa simu nikiwa kwenye foleni ya maji, maana mabomba yalikuwa yamekauka tena plotini kwetu. Pale ilipokuwa aya yangu palikuwa na sentensi moja mpya, inayosema kwamba foleni wiki ya sikukuu zinaweza kuwa ndefu na kwamba wafanyakazi wa lifti wangefaidika na mafunzo zaidi ya ukarimu.

Aya yangu ilikuwa na maneno 140. Malipo yalipoingia, shilingi 210 zilikuwa zimekatwa.