Leza ya tezi dume: Tiba inayomtaka mgonjwa awahi

Kigali. Ijumaa jioni hapa Gisimenti, moshi wa mishikaki ukiwa umetanda, meza ya jirani walikuwa wakibishana juu ya video ya simu: leza inachoma saratani ya tezi dume na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mstaafu mmoja akauliza, "Na hapa kwetu ipo?"

Haipo. Lakini hata ingekuwepo, ingemsaidia nani?

Tiba yenyewe si uzushi. Daktari huongozwa na picha za MRI, huingiza uzi mwembamba wa leza hadi kwenye uvimbe na kuuchoma kwa joto, sehemu nyingine ya tezi ikiachwa salama. Nia ni kumwepusha mgonjwa na kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume, madhara yanayoweza kufuata upasuaji au mionzi. Ila majaribio yake ni madogo. Lile la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lililotangazwa 2016, lilikuwa na wanaume wanane tu, na baadhi yao walipopimwa baadaye saratani ilikuwa bado imo ndani ya tezi.

Halafu leza ni ya uvimbe ulio bado mdogo, ndani ya tezi. Katika ukanda wetu wengi hufika hospitali nyonga na mgongo vikiuma, saratani imeshaingia mifupani. Nilimuuliza yule mzee kama amewahi kupima damu, kipimo cha PSA. Alicheka, akaagiza mshikaki mwingine.

Na aliyewahi naye si lazima akimbilie tiba. Uingereza iliwafuatilia wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakawa wanaangaliwa tu. Baada ya miaka 15, saratani hiyo ilikuwa imewaua 45, na makundi yote matatu yalikaribiana. Matokeo hayo ya 2023 yanafaa kusomwa na kila waziri wa afya anayeonyeshwa mashine mpya.

Mashine si kila kitu, Uganda inajua. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Mulago iliharibika, na wagonjwa wakalazimika kutafuta tiba Nairobi. Ni Uganda hiyo hiyo iliyokabidhiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki jukumu la kituo cha umahiri cha saratani. Rwanda haikusubiri: Kanombe, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Gisimenti, ilianza mionzi 2019, juu ya kazi ya Butaro iliyoanza 2012.

Kinachokosekana katikati ni cha bei ndogo zaidi: kipimo cha damu kwenye kituo cha afya, na mtaalamu wa kusoma vinyama vilivyotolewa kwenye tezi. Huyu wa pili ndiye adimu, na anaweza kusoma sampuli za Goma au Bujumbura akiwa Kigali, iwapo forodha zitakubali zivuke.